Singori Haisafiri

Shangazi Gomati, jirani wa ukuta mmoja, anadai Hansi alimwangukia yule kijana makusudi. Anasema aliona kwa macho yake mawili, sokoni Almora, huku milimani India, siku ya maonyesho ya mungu wa kike Nanda Devi: binti kajipaka wanja, kajitanda shali ya njano, kamvizia fundi simu mpaka akapita, ndipo "akateleza".

Uongo mtupu. Ngoma zilikuwa zinapita, umati ukasukuma, naye Hansi alikuwa amebeba sinia la singori kutoka dukani kwa mjomba wake. Singori moja, maziwa yaliyochemshwa na sukari hadi yakashikana, yakatiwa ndani ya jani la malu lililokunjwa kama pembe, ikapasukia kwenye sweta jeupe la yule fundi, Trilok.

"Dada, hii naifuta au nailamba?"

"Lamba, Fundi. Sweta ukalifue kwenu."

"Kumbe unanijua!"

"Nani asiyemjua mtu aliyetengeneza simu ya mjomba, sasa inapigia watu yenyewe?"

Tangu siku ile simu ya Hansi haikutulia. Aliibana kati ya sikio na bega, vidole vikikunja majani.

"Mpenzi, nitumie singori huku dukani kwangu."

"Njoo uile hapa hapa. Jani likinyauka, utamu umekwenda. Singori haisafiri, Fundi. Wasafiri wachukue bal mithai, tamutamu kavu ya sandukuni."

"Halafu nina jina mimi. Trilok. Gumu?"

"Fundi inatosha."

Hata mwenyewe hakujua kwa nini jina lile lilimkwama kooni.

Baridi ilipoanza kuuma, shangazi Gomati akachomoza kichwa juu ya ukuta, ushungi umemkaa upande.

"Hansi we, umesikia? Fundi wako kanunua sanduku zima la bal mithai. Limefungwa uzi mwekundu! Uzi mwekundu hufungia nini, kama si posa? Tena hakununua kwa mjomba wako, kaenda kujificha duka la chini. Wanasema kuna binti kule Ranikhet."

"Basi hongera zake," Hansi akasema, akaingia ndani na kuzima simu.

Siku zilizofuata hakukaa akatulia. Alipanda darini, akashuka. Alichungulia njia ya mawe, akajikaripia, akachungulia tena. Alikunja majani akayapasua. Asubuhi moja kwikwi ikamshika, ikakataa maji, ikakataa kuzuiwa pumzi.

"Kuna mtu anakukumbuka," alisema mama yake, ambaye kwao huitwa Ija. "Taja majina. Ukimpata, itakatika."

"Bibi. Kwi! Mjomba. Kwi! Binamu wa Nainital. Kwi!"

"Na yule wa simu?"

"Huyo simtaji."

Ija akaangua kicheko hadi akaweka mwiko chini. "Makubwa haya! Wasiotaja majina ya waume zao ni sisi wake za watu. Wewe umeolewa lini, mwanangu?"

"Ija, niache. Kwi!"

"Trilok," Ija akasema, taratibu.

Kwikwi ikakatika palepale.

Hansi akaiwasha simu. Haikumaliza kuwaka, ikaita.

"Hansi! Ulizama wapi? Nimekupigia siku zote hizi, na leo asubuhi nzima!"

"Nimesikia umeposa, Fundi."

"Nimeposa nani?"

"Sanduku. Uzi mwekundu."

"Uzi? Muuzaji aliishiwa kamba!" Trilok akacheka, kisha kicheko kikamwishia. "Sanduku ni la mjomba wangu wa Delhi. Kanipatia kazi. Nilinunua duka la chini ili usijue kabla sijakwambia. Halafu kila nikitaka kukwambia, ulimi unakuwa mzito."

"Unaondoka lini?"

"Nimeshaondoka, mpenzi. Tuko darajani Kwarab, watu wanakunywa chai."

Hansi akakaa chini, katikati ya majani.

"Nisikilize," Trilok akasema. "Singori haisafiri, ulishaniambia. Kwa hiyo sikwambii uje huku. Baridi ikiisha, maua mekundu ya burans yakichanua milimani, nitarudi, na mama yangu atakuja kwenu na sanduku lenye uzi mwekundu wa kweli. Ila ukishakuwa mke wangu hutanitaja tena maisha yako yote. Basi nitaje leo. Mara moja tu, niondoke na sauti hiyo."

Honi ikalia upande wa pili. Ija alikuwa anapuliza moto ambao ulikwisha kuwaka. Juu ya ukuta ushungi wa shangazi Gomati ulitulia tuli, hata upepo ulishindwa kuutikisa.

"Dereva anaita. Upo?"

"Nipo."

Hansi akavuta shali ya njano kutoka mabegani, akajifunika kichwa mpaka kwenye paji la uso, kama wajifunikavyo wake za watu.

"Basi nitaje," Trilok akasema. "Hansi? Nitaje."