Kobe Ana Mke

Foleni ya kubadilisha laini za simu ilikuwa imefika mlangoni, na mfamasia, aliyeomba ruhusa ya nusu saa tu kazini, alikuwa ameshatazama saa mara kumi. Mbele yake alisimama kijana mrefu mwenye kalamu nyuma ya sikio, jinzi yake imetapakaa rangi nyekundu na ya manjano. Alifungua daftari, akaandika kitu, akacheka peke yake. Mfamasia akanyoosha shingo kuchungulia.

Juu ya ukurasa palikuwa na jina: KOBE. Chini yake: "Tabibu wa msafara. Mkaidi. Anaogopa kuku, ila hataki mtu ajue."

"Kobe!" Jina lilimtoka kwa sauti, foleni nzima ikageuka.

Kijana alikumbatia daftari lake. "Samahani dada, tunafahamiana?"

"Mimi Nyuki!"

"Nyuki gani?"

"Unamjua Nyuki mwingine? Nani alikutoa kwenye shimo la nyoka wiki iliyopita?"

Kijana alibaki mdomo wazi. "Jamani! Kumbe Nyuki ana vishimo mashavuni!"

Miezi minane walikuwa wakicheza pamoja mtandaoni, mchezo ambao kila mtu hujivika mhusika wake na kuongea kama yeye, na hawakuwahi kuonana sura. Kumbe Kobe alikuwa mchora mabango, na karakana yake ilikuwa mtaa wa tatu tu kutoka famasi! Walipiga soga mpaka zamu zao zikawapita.

Wiki ya pili walikuwa wakipigiana simu kabla ya kupiga mswaki. Na utamu wao ulikuwa ubishi.

"Mpenzi, daftari la nini?" mfamasia alimuuliza, simu ameibana kwa bega huku akipanga chupa za dawa ya kikohozi. "Mchezo wenyewe unahesabu kila kitu. Nguvu, majeraha, silaha, vyote vimo."

"Na woga wa kuku? Una kisanduku chake?"

"Kama mchezo haujaandika, hakuna kitu."

"Basi hata mapenzi yangu hakuna, maana namba yake sijaiona."

"Usinitege, Kobe wewe!" Akacheka hadi mteja dirishani naye akacheka.

Mwezi wa tatu, Jumamosi asubuhi, wenye mchezo waliuboresha. Sasa ungeweza kubonyeza jina la mhusika yeyote ukaona taarifa zake zote. Mfamasia alibonyeza la Kobe kwa furaha, kama anayefungua zawadi. Nguvu: tisini. Farasi: mmoja. Hali ya ndoa: ameoa. Mke: Bibi Radi. Muda: miaka miwili.

Moyo ulimlipuka. Alipiga simu papo hapo.

"Kobe, una mke?"

Upande wa pili mchora mabango aliangua kicheko, na hapo ndipo alipoharibu. "Hiyo ni mashine tu, laazizi! Kwenye daftari langu Kobe ni kapera."

"Daftari unaandika mwenyewe! Kila mwanaume ana daftari lake linalosema ni kapera. Huyo Bibi Radi ni nani?"

Kicheko kikakatika.

"Nakuuliza!"

"Siwezi kukuambia. Nilimwahidi kwamba sitamtaja kwa mtu."

"Ulimwahidi! Haya, kaa na mkeo."

Alikata simu, akaifungia namba yake, akafuta na mchezo wenyewe. Siku tano alihesabu vidonge vya watu, akikosea na kuanza upya.

Siku ya sita, adhuhuri, famasi imefurika wagonjwa, aliingia mama mmoja mnene mwenye gauni la bluu lililonyooshwa pasi na miwani ya mnyororo. Alipita foleni yote, na hakuna aliyethubutu kumrudisha nyuma.

"Wewe ndiye Nyuki," alisema. "Mimi ndiye Bibi Radi."

Pakiti ya vidonge ilimponyoka mfamasia.

"Funga mdomo, binti, utaingiwa na nzi. Yule mchora mabango ni mtoto wa kaka yangu. Mimi ni shangazi yake."

"Shangazi? Lakini mchezo umeandika mke!"

"Mchezo una kisanduku cha mke, cha mume na cha adui. Cha shangazi hauna! Na bila ndoa hamruhusiwi kutumia ghala moja. Ungekuwa wewe ungefanyaje?" Akainama, akashusha sauti. "Mimi ni mkuu wa shule. Wasichana mia sita nimewapigia marufuku simu. Wakisikia kila alfajiri narusha radi mtandaoni, nitaweka wapi uso wangu? Ndiyo maana nilimfunga mdomo, na mjinga yule akaufunga kweli. Hebu tazama."

Akamwonyesha simu yake. Kwenye kioo, Kobe alikuwa akijikokota barabarani peke yake, hana farasi. Nguvu: arobaini na tano. Hali ya ndoa: kapera.

"Ameniacha jana. Talaka mle ndani inakula nusu ya nguvu na kila mnyama uliyenaye. Nimeachika kwenye uzee huu, wifi zangu wakijua watanicheka! Na mwenyewe yuko nje, anaogopa kuingia."

Mfamasia alitoka na koti lake jeupe mbio. Mchora mabango alikuwa ameegemea nguzo ya taa, shati jipya, rangi bado kwenye kucha.

"Miaka miwili ya nguvu umeitupa? Una wazimu?"

"Nilijua kwako kitu kisipoandikwa mle ndani hakipo. Nikataka kiandikwe."

"Na mimi nilikukatia simu bila kukusikiliza. Nisamehe, Kobe wangu."

"Nimeshakusamehe. Sasa sikiliza, sijabonyeza kitufe na daftari nimeliacha nyumbani. Nakuuliza kwa mdomo huu. Utanioa? Yaani, nikuoe? Mungu wangu, nimechanganyikiwa!"

Kutoka ndani mzee mmoja alipaza sauti, "Daktari, dawa yangu!"

"Subiri kidogo baba, naposwa!" Kisha akamgeukia mpenzi wake, akamshika mashavu yote mawili. "Ndiyo. Ndiyo, ndiyo, mara mia!"

Famasi nzima ilipiga vigelegele. Waliporudi ndani wameshikana mikono, walimkuta shangazi nyuma ya kaunta, amewapanga wagonjwa mistari miwili iliyonyooka, na hakuna aliyekuwa akiongea.