Maumivu Yanayopumzika Siku za Kazi

Mwili ulikutwa chini ya meza ya kukatia vitambaa, na bahati njema haukuwa maiti. Ilikuwa Jumanne, saa nne na nusu asubuhi, chai imekwisha kunywewa na cherehani zimeanza tena kulia. Mwenye mwili alikuwa mshona mapindo, mwanamke ambaye wenzake walimwita Sindano, kwa wembamba wake na kwa jinsi alivyojua kuchoma kwa maneno. Alikuwa amejikunja, jasho linamtiririka, na juu ya sare mpya za shule alikuwa ametapika kitu cheusi chenye chembechembe, kama machicha ya kahawa.

"Amelishwa sumu!" mtu alipiga kelele.

Macho yote, kama yamevutwa na uzi mmoja, yakaenda kwa mpishi wa chai.

Kwa nini yeye? Kwanza, chai alipika yeye. Pili, yeye na Sindano ni mawifi, maana Sindano ameolewa na kaka wa mpishi. Tatu, na hili ndilo lililomponza, jana yake Sindano alisema mbele ya karakana nzima kwamba chai ni chungu kama shubiri, na wifi yake akamjibu, "Kunywa, mwana wa watu. Ipo siku itakutokea puani."

Jana watu walicheka. Mawifi bila kurushiana maneno ni mawifi gani? Leo hakuna aliyecheka. Mume wa Sindano, dereva wa gari la kubebea vitambaa, alifika mbio, akamtazama dada yake mbele ya polisi, akasema, "Mke wangu akifa, mimi sina dada."

Ilipofika saa sita mchana mpishi alikuwa nyuma ya nondo.

Kesi akapewa Sajini, mama wa makamo, mwenye watoto wakubwa na sauti ndogo. Siku hiyo alikuwa anachechemea, ameteguka kifundo cha mguu.

"Kesi nyepesi hii," mkuu wa kituo alimwambia. "Kesho jioni naandika mashtaka. Jaribio la kuua."

"Kesho jioni haijafika, mkuu. Niachie mpaka hapo."

Akaenda mahabusu, akavuta kiti karibu na nondo.

"Ulitia nini kwenye chai?"

"Maji, majani na tangawizi, afande. Sukari kila mtu anajitilia mwenyewe mezani."

"Na ile ya kutokea puani?"

Mpishi akafuta machozi kwa kiganja. "Ulimi wangu mrefu, nakubali. Mkono wangu haufiki huko. Mtoto wangu wa mwisho amelelewa mgongoni kwa yule." Akashika nondo. "Kifungo kina mwisho, afande, mtu hutoka. Lakini kaka yangu akiamini hili, nikitoka nitarudi kwa nani?"

Sajini akainuka. Akaenda kulitafuta jibu.

Saa tisa alikuwa hospitali. Daktari alikuwa kijana mwenye macho yaliyokosa usingizi.

"Si sumu ya panya wala ya wadudu," alisema. "Ni vidonda vya tumbo vilivyochimbika vikatoa damu. Tumemwongezea damu, ataishi. Wiki iliyopita nilimwandikia vidonge vya kutuliza maumivu na uvimbe, maana kiwiko kilimvimba kwa kushona. Ni dawa nzuri, lakini ukiizidisha inageuka adui wa tumbo. Nadhani aliizidisha. Ndivyo walivyo wagonjwa: kimoja kimesaidia, basi viwili vitaponya."

Sajini akasogeza mguu, uso ukamkunjamana. Daktari akaona.

"Na wewe unatumia nini?"

Sajini akatoa pakiti mfukoni. "Nimeandikiwa juzi. Leo nina mizunguko mingi, nilitaka kumeza viwili kwa mpigo."

"Meza. Nitakutandikia kitanda pembeni ya yule."

"Daktari!"

"Sitanii, mama. Umeandikiwa kimoja, meza kimoja, ukiwa umekula, na kwa siku ulizoandikiwa tu. Maumivu yakiisha kabla, unaacha. Usichanganye na dawa nyingine ya maumivu, hata ile ya kununua dukani, maana nyingi ni watoto wa baba mmoja wenye majina tofauti. Una vidonda vya tumbo? Figo, presha, moyo?"

"Sina."

"Ungekuwa navyo, au mimba, ilikupasa kusema kabla hujapewa. Tumbo likianza kuunguza, acha, urudi. Choo kikiwa cheusi kama lami, au ukitapika kama yule, usingoje kupambazuke."

Sajini akairudisha pakiti mfukoni kwa adabu, kama mtoto aliyekatazwa kiberiti.

Wodini, Sindano aliongea kwa mnong'ono. "Sikuzidisha, afande. Kimoja asubuhi, kimoja jioni, nimeshiba. Pakiti ipo kwenye mkoba."

Sajini akaifungua. Vidonge vilivyobaki ndivyo hasa vilivyotakiwa kubaki.

"Na chai ilikuwaje?"

"Chungu! Naweka sukari vijiko vinne, uchungu upo. Naongeza, na wenyewe unaongezeka." Akavuta pumzi. "Lakini mtoeni wifi yangu. Yule akitaka kuniua ataniua kwa maneno."

Sajini akatoka na swali moja kichwani. Dawa imezidi tumboni na haikupungua kwenye pakiti. Ya ziada ilipitia mlango gani?

Jumatano saa tatu asubuhi aliingia karakana. Msimamizi alimpokea mlangoni, mwanamke nadhifu ambaye jicho lake halibanduki kwenye saa ya mkononi.

"Waulize, afande, lakini waulize huku wanashona. Ijumaa gari linakuja kuchukua sare."

"Vikombe vya jana viko wapi?"

"Niliviosha mwenyewe. Nani angetaka kuviona tena?"

"Huwa unaosha vikombe wewe?"

"Jana ilikuwa siku ya msiba. Kila mtu alishika kilicho karibu."

"Na sukari inakaa wapi?"

"Kabatini kwangu, na ufunguo ninao mimi. Hapa sukari ina miguu, afande. Ukiiacha mezani, jioni huikuti."

Sajini akashukuru, akapita katikati ya cherehani hadi kwa mshona vifungo, waliyemwita Kicheko. Akamuuliza kama kuna mwingine aliyeumwa.

"Kuumwa? Mwezi huu tuna afya ya punda! Zamani ikifika saa nane mchana migongo yote inalia. Sasa Jumatatu mpaka Jumamosi husikii kitu. Jumapili ndiyo balaa, umelala zako nyumbani, mgongo ndipo unakumbuka wiki nzima!"

"Wangu pia!" akasema mmoja.

"Na vidole vyangu!" akadakia mwingine.

"Si niliwaambia?" Msimamizi alisema kutoka mlangoni, akienda zake ofisini. "Ugonjwa ni uvivu. Kazi ndiyo dawa."

Sajini akasimama katikati ya chumba. "Kitendawili!"

"Tega!" waliitika wote, mikono ikiwa bado kwenye vitambaa.

"Nikifanya kazi kinalala, nikilala kinafanya kazi."

"Popo!"

"Mlinzi!"

"Mume wangu!" Kicheko akasema, chumba kizima kikaangua kicheko. "Umetushinda, afande. Tukupe mji?"

"Sitaki mji. Nataka jibu, na mimi mwenyewe sijalipata lote."

Kwenye kona, mzee wa kupiga pasi hakucheka. "Kitendawili hicho si changu," alisema. "Mgongo wangu haujui Jumatatu wala Jumapili. Unauma tu."

Sajini akageuka. "Babu, wewe chai hunywi?"

"Nakunywa, tena vikombe viwili."

"Ina uchungu?"

"Uchungu gani? Hawa watoto wanadeka. Chai ni nzuri kabisa. Mimi nina kisukari, nakunywa bila sukari."

Sajini akabaki anamtazama yule mzee mpaka mzee akajikagua vifungo vya shati.

Saa nne chai ikaletwa. Siku hiyo alikuwa ameipika Kicheko, kwa kuwa mpishi yuko mahabusu. Msimamizi akafungua kabati, akatoa kopo la sukari, akaliweka mezani, akarudi ofisini. Watu wakajitilia, wakakoroga. Wa kwanza akapiga funda, akakunja uso.

"Mh! Bado chungu!"

"Kicheko, na wewe unataka kututokea puani?"

"Nimepika kwa maji ya bombani kama yeye!"

"Wekeni vikombe chini," Sajini alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo vilevile, lakini vijiko vyote vilinyamaza. "Asinywe mtu."

Akaonja chai ya birika bila kutia kitu. Tangawizi tupu, uchungu hakuna. Kisha akachukua bilauri ya maji ya moto, akachota sukari vijiko vinne, akakoroga polepole na kuiacha itulie. Sukari ikayeyuka. Lakini chini ya bilauri ukajikusanya unga mweupe wenye vipande vidogo vya waridi, kama maganda ya kidonge.

"Sukari gani hiyo isiyoyeyuka?" mzee wa pasi aliuliza.

Muda wa chai ulikuwa umepita, na ukimya wa cherehani ndio uliomtoa Msimamizi ofisini.

"Mbona mashine zimenyamaza?"

"Tunapumzika," Sajini alisema. "Karibu. Nimekutengenezea maji ya sukari."

"Asante, sinywi."

"Hayana majani wala tangawizi. Ni maji ya bombani na sukari ya kabatini kwako. Funda moja tu."

"Nimesema sinywi. Nina vidonda vya tumbo!"

Sajini akaisukuma bilauri mpaka ukingoni mwa meza. "Sukari na vidonda vya tumbo vina ugomvi gani, Msimamizi?"

Msimamizi akarudi nyuma hatua moja. Saa yake hakuitazama.

"Basi nitasema mimi," Sajini akaendelea. "Mpishi yuko ndani na chai bado chungu, kwa hiyo uchungu si wa mpishi. Babu anakunywa chai hiyohiyo bila sukari, haoni uchungu na mgongo haumpoi. Wengine wanatia sukari, wanaonja uchungu na maumivu yanalala. Jumapili hawapati sukari yako, maumivu yanaamka. Sindano alikuwa anameza vidonge vya daktari, na juu yake vijiko vinne vyako kila siku. Uchungu ukizidi, anaongeza kilekile kinachomuua. Fungua kabati."

Ndani ya kabati, nyuma ya mafaili, kulikuwa na kinu kidogo cha kutwangia na pakiti tupu za vidonge zilizobanwa na mpira.

"Nilikuwa nawasaidia," Msimamizi alisema. "Mliacha kulalamika au hamkuacha? Mgongo uliniuma, nikaandikiwa dawa hizi, nikawa kama msichana. Nikasema, na hawa wapate. Mwenye karakana aliniapia, sare zikichelewa nafasi yangu anampa mwingine. Nyinyi kila saa mnainuka kujinyoosha, kila saa mnashika viuno. Nilitia kidogo tu."

"Ulizipata wapi nyingi hivi?"

"Kwa mtu anayeziuza bila karatasi ya daktari."

"Na wewe mbona uliacha kuzitumia?"

Msimamizi akaizungusha saa mkononi.

"Mbona uliacha?"

"Tumbo liliniunguza. Daktari akaniambia nina vidonda, niziache mara moja."

"Kwa hiyo ulijua." Sajini akasogea, mguu unauma, hakuujali. "Ulikatazwa wewe, ukawapa wao. Kidogo kwako ni kidogo kwa nani? Uliuliza nani ana vidonda? Nani ana figo mbovu? Nani ana mimba?"

Kicheko akaweka mkono tumboni, juu ya aproni. Uso wake haukuwa na kicheko hata chembe.

"Na jana, alipotapika, ulielewa kabla ya mtu yeyote. Ndiyo maana ukaosha vikombe. Ukasimama pale mlangoni, ukatazama mpishi anafungwa pingu. Leo ukatia tena!"

"Zimebaki sare za darasa moja tu, afande," Msimamizi alisema, na hata yeye alipoyasikia maneno yake, akakaa chini.

Saa saba mchana kopo, kinu na pakiti zilikuwa njiani kwenda maabara ya serikali. Wafanyakazi wote walikuwa njiani kwenda kupimwa, Kicheko akiwa wa kwanza, ameshikwa mkono na mzee wa pasi. Saa kumi na moja jioni mkuu wa kituo alikuwa anaandika mashtaka kama alivyoahidi, ila jina lilikuwa jingine.

Mpishi alipotoka, kaka yake alikuwa anamngoja kwenye ngazi, kofia mkononi.

"Dada..."

"Usiniite bado. Nipeleke kwa mke wako."

Kaka akavaa kofia, akaongoza njia. Wodini muuguzi alikuwa ameleta uji mwepesi, chakula cha kwanza ambacho Sindano aliruhusiwa. Mume wake akauchukua, akachota kijiko, akamsogezea. Sindano akageuza uso upande wa ukuta.

"Si wewe," alinong'ona. "Mpe wifi."

Wagonjwa wa vitanda vya jirani waliinua vichwa. Habari ya mpishi ilikuwa imefika wodini kabla yake.

"Watu wanatazama," mpishi alisema, akipokea kijiko kwa kaka yake.

"Nataka watazame. Nilishe."

Mpishi akaketi ukingoni mwa kitanda. Akachota, akapuliza, akapeleka. Sindano akafumbua mdomo, akameza, akafumbua tena. Kaka mtu alisimama pembeni, amelishika bakuli kwa mikono miwili, na hakuna aliyemwambia aketi.