Aliyeita Mara Moja

Sauti ilitoka kitanda cha dirishani ikaomba maji. Sista Wima akamimina kikombe, akakipeleka, akakuta godoro tupu lisilo hata na shuka. Mwenye kitanda alikuwa ameruhusiwa asubuhi ileile, mumewe akamshika mkono hadi getini, na Sista mwenyewe ndiye aliyewapungia. Alisimama pale na kikombe chake kama mgeni aliyekosea nyumba. Kisha akasikia harufu ya nguo mbichi zilizosahaulika kwenye beseni. Akayanywa yale maji mwenyewe, akarudi kazini.

Walimwita Sista Wima kwa sababu katika wodi ile ya wanawake hakuna aliyewahi kumwona ameketi. Chai aliinywa wima, akicheka alicheka wima. Na kila muuguzi mgeni alimpa somo moja kabla ya kumwonyesha hata msalani: "Anayepiga kelele ana pumzi ya kupigia. Aliyenyamaza ndiye wa kumkimbilia."

Wiki ile mama yake mzazi alikuwa amelazwa humo humo, moyo umechoka, miguu imevimba. Nafasi ilikuwa imebaki nyuma ya pazia la kijani karibu na stoo, na mama akaipenda.

"Usinipitiepitie sana, mwanangu," alisema. "Wenzangu watasema sista anamuuguza mama yake, sisi tumekuja kutazama."

"Wakisema waseme, mama."

"Hapana. Nikikutaka nitaita."

Sauti ile ikajifunza kuita kwa niaba yake. "Mwanangu!" Sista aliacha sindano mezani, akakimbia, akakuta mama amelala fofofo, na ile harufu ya nguo mbichi imejaa nyuma ya pazia. Akarudi. Ikaita tena baadaye, akakimbia tena. Mara iliyofuata aliacha kumshikilia bibi mmoja aliyekuwa akijifunza kutembea baada ya kuvunjika nyonga, na bibi akaanguka, akavunjika mkono. Bibi hakulalamika. Alimtazama tu, na kwa Sista jicho lile lilikuwa zaidi ya tusi.

"Hii si bure," alinong'ona Bi Ndoo, mhudumu wa usafi, mwanamke aliyekuwa na maneno mengi kuliko povu la sabuni yake. "Humu mna mtu wa kando, Sista."

Mama, nyuma ya pazia, aliwasikia. Akacheka kidogo, kicheko kikakatwa na kikohozi.

"Nilikufundisha ukiwa huna hata meno ya mbele, umesahau? Jini huita mara moja tu. Binadamu mwenye shida hurudia. Ya kwanza usiitike."

Basi Sista akaligeuza neno la mama kuwa sheria ya wodi. Aliwaambia wauguzi wote, akamwambia na Bi Ndoo: ukiitwa na usiyemwona, tulia. Akirudia, nenda. Sheria ilifanya kazi vizuri mno. Kile kitu kiliita mara moja, kikakosa mtu, kikanyamaza, na watu wakaanza tena kutaniana.

Alasiri moja mvua ilishuka kwa nguvu hadi taa zikawashwa. Sista alikuwa akipita kitanda kwa kitanda alipomwona binti aliyefanyiwa upasuaji wa tumbo asubuhi. Jirani yake alikuwa akilia mguu, analia kwa mashairi, na wodi nzima inamsikiliza yeye. Binti alikuwa kimya. Midomo imepauka, jasho la baridi limemtoka kwenye paji la uso. Sista akafunua shuka, akakuta damu imeshafika godoroni.

"Mwite daktari!" alimwambia muuguzi mwenzake, naye akatimua mbio. Sista akakandamiza kidonda kwa viganja vyote viwili. Bi Ndoo akaja, akainua miguu ya binti juu ya mito, kisha akasimama kando akingoja kutumwa.

Hapo ikaita.

"Mwanangu."

Ilitoka nyuma ya pazia la kijani, ndogo, ya chini, karibu imezwe na mvua. Bi Ndoo akashika mdomo.

"Sista... niende?"

Sista alitazama mikono yake mwenyewe iliyojaa damu ya watu, akatazama ya Bi Ndoo iliyokuwa mitupu.

"Subiri," alisema. "Kama ni yeye, atarudia."

Wakasubiri. Mvua ikapiga bati, yule wa mguu akalia, damu ikachuruzika kati ya vidole, na Sista akatega sikio kuliko alivyowahi kulitega maishani, akiomba sauti irudie na akiomba isirudie, akijiambia kwamba ukimya ule ndio ushahidi wenyewe, kwamba kile kitu kimeshindwa tena, huku kitu kingine ndani yake, kile alichokuwa akiwafundisha wageni kabla ya kuwaonyesha msalani, kikijaribu kusema neno asilotaka kulisikia, mpaka daktari akaingia akikimbia na binti akasukumwa kupelekwa chumba cha upasuaji, yu hai.

Ndipo Sista akaenda nyuma ya pazia, bila kunawa.

Hapakuwa na harufu yoyote. Mama alikuwa ameegemea ukingo wa kitanda, ngumi imeshika pazia, vishikizo viwili vimeng'oka kwenye reli. Midomo ilikuwa ya buluu. Alikuwa na pumzi ya kuita mara moja, akaitumia.

Daktari alimwambia baadaye, "Ulichagua sawa. Ungemwachia yule binti, angekufa." Sista akaitikia kwa kichwa. Ni kweli alichagua sawa. Lakini daktari hakuiona mikono ya Bi Ndoo. Hatua chache tu, na macho mawili ya kwenda kutazama, ndivyo alivyomnyima mama yake. Tangu lini mgonjwa akaachwa kutazamwa kwa sababu hakuita vya kutosha? Alilia mazishini, akalia stoo, akalia akitandika vitanda vya watu.

Naye yule wa kando hakuondoka. Sasa aliita kwa sauti ya marehemu tu, kutoka nyuma ya pazia, hata jua likiwa linawaka. Wagonjwa walianza kuomba ruhusa kabla ya kupona. Mwishowe muuguzi mkuu akakubali aletwe mzee wa kisomo. Mzee alisoma tangu asubuhi, sauti imemkauka, kisha akawakusanya.

"Anatoka sasa hivi," alisema taratibu. "Akiwa mlangoni ataita. Asiitike mtu. Atakayeitika amemkaribisha, na mgeni huyo hakai nyumbani, hukaa ndani ya aliyemkaribisha."

Harufu ya nguo mbichi ikapita katikati ya wodi, ikaelekea mlangoni.

"Mwanangu."

Hakuna aliyeitika. Mzee akainua kidole: bado kidogo.

"Mwanangu," ikaita tena, chini zaidi.

Bi Ndoo akamshika Sista mkono. "Si yeye, dada yangu. Nakuomba, si yeye."

"Najua," Sista akasema.

"Mwanangu..." Ilikuwa pumzi tu sasa, pumzi ya mtu anayeshika pazia lisiloweza kumbeba.

Sista Wima akautoa mkono wake taratibu kwa Bi Ndoo. Akaupa mlango mgongo, akalifunua pazia la kijani, na kwa mara ya kwanza mbele ya macho ya wodi ile, akaketi, ukingoni mwa kitanda cha mama yake.

"Abee, mama," akaitika. "Nimekuja."

Godoro likabonyea pembeni yake.