Lakiri Nyeusi

Haya yalimkuta rafiki yangu Asaheli, karani mwenzangu kwa tajiri mmoja hapa Salem. Mchana mmoja tajiri alimtuma kwenye chumba cha matofali chini ya ofisi, akalete barua za zamani za mkewe. Mlango ukajifunga nyuma yake, ukakwama kwa unyevu.

"Lemueli, fungua bwana. Taa imezimika," aliniita kutoka ndani.

"Kaa humo kwanza uwasalimie panya," nikamtania, huku nikitafuta mtaimbo.

Hakucheka. Aliniuliza kwa sauti ndogo ni nani yuko naye mle ndani. Kuna mtu anaandika, alisema. Kalamu inakwaruza karatasi, inanyamaza, inakwaruza tena. Halafu akasema ananusa lakiri, ile nta ya kufungia barua, ikiyeyuka, na giza liko vilevile, hata cheche ya moto haoni.

Nilipouvunja mlango nilimkuta peke yake, amejibana ukutani. Juu ya kasha palikuwa na barua iliyofungwa kwa lakiri nyeusi, ile tunayotumia kupelekeana habari za msiba. Ilikuwa imeandikiwa mama yake Asaheli.

Nikaigusa ile lakiri. Ilikuwa ya moto bado, kidole changu kikazama.