Shika Kabati

Mdogo wangu ni fundi cherehani. Nyumba aliyokuwa akikaa ilikuwa kando ya barabara inayotoka kwenye machimbo ya kokoto, na malori yalipita pale kutwa. Likipita lenye mzigo, madirisha yalilia, maji yalicheza kwenye ndoo, na vyombo viligongana kabatini kama vina ugomvi.

Kabati lilikuwa la marehemu mama yetu. Mguu mmoja wa kabati hilo ulikuwa umeoza, ukawekewa boksi lililokunjwa chini yake. Fundi seremala aliyeahidi kuutengeneza tulimwita Kesho, kwa kuwa hakuwa na jibu jingine. Basi kulishika kabati ikawa kazi ya mtoto. Lori likisikika, aliye karibu anaita, "Shika kabati," na binti wa mdogo wangu anakimbia, anakaza viganja viwili ubavuni mwa kabati, anasubiri hadi aambiwe, "Achia."

Alikuwa na miaka saba. Mwembamba, kichwa kikubwa, tulimwita Kijiko. Siku moja sote tulisahau kumwambia aachie, tukamkuta bado amesimama pale, chai yake imepoa mezani.

"Wewe, si umesikia lori limepita?" nikamwuliza.

"Hamjasema, mama mkubwa."

Jumamosi moja, saa nne asubuhi, nilikwenda kuchukua sare za wanangu. Mdogo wangu alikuwa nyuma ya nyumba anaanika nguo. Mimi nilikaa kibarazani nakagua vifungo, maana kushona anajua, ila vifungo huvibandika kama vya kuazima. Kijiko alikuwa miguuni pangu, anapanga nyuzi kwa rangi.

Ukaja mngurumo. Sakafu ikatetemeka. Ndani vyombo vikaanza kugongana.

Sikuinua hata kichwa. Nilikuwa na uzi mdomoni, nikautema, nikasema, "Kijiko, shika kabati."

Akakimbia ndani.

Nilipoinua macho, barabara ilikuwa tupu. Hakukuwa na lori. Mngurumo ulikuwa unazidi, na ulitoka chini. Nguzo ya umeme iliyumba kama mlevi. Kiti kikanitupa. Nikafungua kinywa nimwite atoke. Ukuta ukaniwahi.

Kidato cha pili nilichora mchoro wa tetemeko la ardhi, matabaka na mishale yake, nikapata tisa kwa kumi. Lakini hayo yalikuwa mambo ya nchi za watu. Hata bibi mwenye umri mkubwa kuliko wote pale mtaani hakuwahi kuona ardhi ikitikisika.

Tulimtoa kwa mikono. Ukuta ulikuwa umemwangukia mgongoni, na viganja vyake vilikuwa bado ubavuni mwa kabati. Kabati lilikuwa limesimama. Vikombe sita vya mama yetu, vyote vizima.

Msibani mdogo wangu aliniuliza mara moja tu.

"Dada, alikuwa na wewe kibarazani. Nani alimrudisha ndani?"

"Alikimbia mwenyewe," nikasema.

Ukuta ukajengwa upya. Malori yakarudi. Wiki ya tatu nilikuwa nimekaa naye sebuleni, likapita lori lenye mzigo. Madirisha yakalia. Maji yakacheza kwenye ndoo. Kabati likanyamaza.

"Umesikia?" mdogo wangu akanong'ona.

"Sijasikia kitu."

"Ndiyo hivyo."

Akaacha kushona. Wateja wakaja kuchukua vitambaa vyao. Alikula mbele ya kabati, akalala mbele ya kabati, kisha kula kwenyewe akakuacha. Usoni yakabaki macho. Nilimwambia ahamie kwangu, tutabanana na watoto.

"Nikiondoka, atabaki na nani?" akasema. "Bado yuko kazini, dada."

Niliona nimeshazika mmoja na nakaribia kuzika wa pili. Nikamwita Kesho aje alitengeneze lile kabati tuliondoe mle ndani. Safari hii alikuja siku ile ile. Aibu ilimleta. Mdogo wangu nikamwacha nyuma ya nyumba, amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, nikamwambia fundi aliinamishe kabati apime mguu.

Akalisukuma. Akalisukuma kwa bega. Huyo ni mtu wa kubeba mlango wa mbao nzito peke yake. Akapiga magoti, akachungulia chini.

"Mama," akasema polepole, "boksi halipo. Panya wamelimaliza. Huu mguu haugusi chini."

Akagusa ubavu wa kabati, akautoa mkono haraka, akaufuta kwenye suruali.

"Pana joto hapa," akanong'ona. "Mahali pawili."

Akaondoka. Futi yake ya kupimia aliiacha sakafuni.

Nikabaki peke yangu, mchana, jua liko dirishani. Nina watoto wanne na nguo za kufua zisizoisha; sina muda wa mizimu. Lakini niliyeita nilikuwa mimi. Na neno la pili hakuna aliyelisema.

Nikapiga magoti.

"Kijiko. Ni mama mkubwa. Mimi ndiye niliyekuita. Nilidhani ni lori."

Nikasogea karibu na ubavu wa kabati.

"Limeshapita, mwanangu. Achia."

Kabati likainama. Taratibu, kama mtu aliyechoka anayekaa chini. Milango ikafunguka. Vikombe vikaanguka, kimoja kimoja. Nilivihesabu. Sita.

Nilipogeuka, mdogo wangu alikuwa amesimama mlangoni. Sijui tangu lini.

"Kumbe ni wewe," akasema.

Hajaniambia neno jingine mpaka leo. Alihama mwezi ule ule. Nasikia anakula, anashona, amenenepa kidogo. Sare za wanangu bado anashona yeye. Huzituma kwa mtu. Vifungo vyote vimekazwa kwa uzi mara mbili. Hakuna hata kimoja cha kurudia.

Jioni ile kabati lilipoinama, nilifika nyumbani nikavua gauni nilifue. Nyuma, chini kidogo ya kiuno, palikuwa na alama mbili za vumbi la ukuta. Viganja vya mtoto. Vidole vimekunjwa kwa ndani, kama vya mtu aliyeshika nguo asiachwe.

Nililifua mara tatu, alama hazikutoka. Kisha nikanunua jingine, nalo likapata alama zile zile.

Ninapokaa malori ni machache. Lakini likipita moja, gauni hunibana kiunoni kwa nyuma, polepole, hadi nasimama nilipo. Neno la kumwambia najua. Ni moja tu, na ni jepesi.

Lori linapita. Barabara inatulia. Nafungua kinywa, na silisemi.