Kozi ya Mzee Mwinjuma

"Mzinga, hapa Kisima. Nyuki ameruka."

Naisiae aliitambua sauti ya mkuu wake, Mdoe, ikikwaruza kwenye redio ya Motorola. Akakanyaga mafuta. Land Rover ikaruka shimo. Mbele yake lilitimka vumbi jekundu, na ndani ya vumbi ilikuwamo Pajero nyeupe ya Gregori, mtu waliyempa jina la Nyuki.

"Ninamwona. Ameshapita Chanika."

"Ndege ndogo inamsubiri mbugani Kwaluguru. Asiifikie."

"Sawa."

"Na yule mzee?"

Naisiae akazima redio.

Kwa karibu mwaka mzima alikuwa mwalimu wa kompyuta katika chuo kidogo cha biashara pale Kwamndolwa, Korogwe. Hakuna aliyejua kwamba ni ofisa wa Idara ya Usalama. Serikali ilikuwa inauza mashirika yake, na tetesi zilisema walanguzi wa silaha wanalinyemelea shamba moja la mkonge la umma. Lilikuwa na maghala makubwa na kiwanja chake cha ndege. Bunduki za watu hao zilikuwa zimeshaingia mikononi mwa wezi wa mifugo.

Moja ilimuua kaka yake, Leboo.

Lakini kazi aliyopewa chuoni ilikuwa ya kweli: kumsaidia mkuu wa chuo, Mzee Mwinjuma, kubuni kozi mpya. Mzee aliamini kwamba soko huria lingewameza vijana wa Korogwe wasipojua namna ya kuunganisha kompyuta ya mauzo na ya ghala, na ya ghala na ya mishahara, na wasipoweza kuandika programu zao wenyewe. Walibishana sana barazani. Naisiae alitaka wanafunzi waanze na programu. Mzee akakataa, kwanza wakakae mnadani na dukani, waone biashara inavyokwenda, ndipo waguse mashine. Akashinda. Alimwita "binti yangu", na tangu baba yake afariki hakuna mwingine aliyemwita hivyo.

Kisha akaja Gregori, mshauri kutoka ng'ambo. Alileta kompyuta za bure na programu tayari ya kuunganishia mifumo. Sharti lake lilikuwa moja tu. Mafunzo kwa vitendo yafanyike kwenye lile shamba la mkonge.

Asubuhi ile, akiandaa somo, Naisiae aliifumua ile programu na kukuta mlango wa siri. Kila zabuni iliyoingizwa katika ofisi ya shamba ilimfikia Gregori. Mabwana zake, wale walanguzi wa silaha, wangetaja bei inayozidi kidogo tu ya wengine, na shamba lingekuwa lao.

Alikimbia kumweleza mzee.

Uso wa mzee ukamwambia kwamba alikuwa anajua. Akaripoti kwa Mdoe mbele yake, lakini Gregori alikuwa ameshashtuka na kukimbia.

Sasa Naisiae alikata usukani, akaiacha barabara. Njia ile ya ng'ombe aliijua tangu utotoni. Miiba ilikwaruza milango, akatokea mbele ya Pajero, karibu na kundi la Mzee Keriako, jirani wa nyumbani kwao. Alishuka, akainamisha kichwa kumwamkia, Keriako akakigusa. Akamwomba kwa Kimaasai avushe ng'ombe barabarani, kisha akae mbali.

Keriako akawaswaga ng'ombe hadi barabarani.

Pajero ilitokea kwenye kona. Breki zikalia. Ikaserereka, ikajichimbia mtaroni.

Gregori alishuka na bastola.

Makarov ya Naisiae ilitangulia. Risasi ikampata Gregori begani, akakaa chini taratibu kama mtu aliyechoka. Disketi yenye zabuni alizoiba ilikuwa mfukoni mwa shati lake. Naisiae alimfunga jeraha, akamtia pingu.

"Kisima, nyuki yuko mkononi."

"Vizuri. Sasa mzee."

Akamwambia Mdoe kwamba mwanzoni mzee hakujua. Mdoe akajibu kwamba alipojua alinyamaza.

Ilikuwa kweli.

Alipowakabidhi wenzake mateka, alirudi Korogwe. Mzee Mwinjuma alikuwa anafundisha. Naisiae alimsubiri mlangoni hadi kipindi kikaisha na wanafunzi wakatoka.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, binti yangu. Umempata?"

"Nimempata."

Mzee akapangusa chaki mikononi. Alisema kwamba angefichua, kompyuta zingechukuliwa na kozi ingekufa kabla ya vijana wa kwanza kufanya mtihani. Alijiambia atasema wakishamaliza.

"Kwa nini hukuniambia mimi?"

"Nilidhani u mwalimu tu," mzee alisema. "Nilitaka nikuachie kozi safi."

Ndipo Naisiae akamweleza habari za Leboo. Mzee alikaa kwenye dawati la mwanafunzi, akalia kimya. Baadaye akanyoosha mikono. Naisiae hakumtia pingu. Alimshika mkono hadi kwenye gari, kama binti anavyompeleka baba yake hospitali.

Zabuni zikafutwa. Mabwana wa Gregori wakanaswa. Kompyuta zikachukuliwa kuwa ushahidi, na darasani zikabaki meza tupu.

Siku ya kuondoka, mwanafunzi mmoja, Munira, alimkuta Naisiae uwanjani na begi lake.

"Shikamoo mwalimu. Sehemu ya pili ya kozi tunaanza lini?"

Idara ilikuwa imemfunza kudanganya bila kupepesa jicho. Asubuhi ile hakupata uongo wowote.

"Marahaba, Munira," alisema.

Akavaa miwani yake ya jua, akatoka getini kwa mwendo wake wa kawaida. Hakugeuka nyuma.