Bomba Lililonijibu

Kazi yenyewe ilikuwa ndogo: kumpelekea mdogo wangu wa kike baiskeli yake kabla giza halijashika. Mdogo wangu ni dobi. Kwa muda mrefu alikuwa anajinyima apate baiskeli ya umeme ya mizigo, ile yenye sanduku kubwa mbele, abebee nguo za wateja na kumpeleka binti yake shule. Asubuhi ya siku hiyo dalali alimtafutia moja iliyotumika, wakaileta moja kwa moja gereji kwangu niikague. Mimi ndiye Sikio. Jina nimepewa na mafundi wenzangu, na msiniulize kama nalipenda. Nalipenda mno, ndiyo maana leo nasimulia nimeinamisha kichwa.

Wengine hukagua kwa macho. Mimi hukagua kwa spana. Breki nazishika, betri naitazama kama haijavimba, magurudumu nayazungusha, lakini fremu naigonga. Chuma kizima kinalia, sauti inatembea mpaka mwisho wa bomba. Chuma chenye ufa kinakohoa. Sijawahi kukosea, na sijawahi kuacha kuwaambia watu kwamba sijawahi kukosea.

Basi nikagonga bomba kubwa linalopita chini ya sanduku. Ngiii... Likalia, labda kwa uvivu kidogo. Nikaiweka spana mezani.

Ngo. Ngo.

Spana iko mezani. Mikono yangu iko mfukoni.

Nikatazama nyuso. Dalali anachokonoa meno. Wateja wangu wanabishana mpira. Mdogo wangu ananitazama mimi tu, macho yamemjaa matumaini. Hakuna aliyesikia. Sasa ningesema nini? Kwamba bomba limenijibu? Wangecheka mpaka waite na wa gereji ya pili. Ningeweza kusema tu sijaridhika nayo, irudi ilikotoka. Lakini wangeniuliza kwa nini, na sikuwa na jibu la kifundi.

“Chuma safi,” nikasema. “Panda na mwanao bila wasiwasi.”

Wakapeana mikono. Mdogo wangu akaenda kumchukua binti yake, mimi nikabaki niijaze baiskeli chaji.

Jua lilikuwa linazama nilipotoka. Baiskeli ya umeme haina kelele. Unasikia matairi na pumzi zako. Sandukuni hakukuwa na kitu zaidi ya chaja. Nikapita nyuma ya maghala, pale barabara inapoanza kushuka... na hapo mota ikaanza kulalamika. Kwenye mteremko! Usukani ukawa mzito. Mbele kukaelemewa, kama vile mtu ameingia sandukuni akajikunyata.

Nikajiambia ni betri. Fundi mzima, najidanganya na betri kwenye mteremko.

Halafu ikaja harufu. Kutu... na mafuta ya kupaka mtoto.

Nikafunga breki. Nikafunua turubai la sanduku kwa ncha za vidole.

Chaja. Basi.

Nikaona nimalize ubishi. Nikagonga bomba kwa ukucha, mara moja, taratibu.

Ngo. Ngo.

Na kutoka humo ndani, karibu kabisa na goti langu, sauti ndogo ikanong'ona.

“Mwambie.”

Sikukimbia. Ningependa kuwaambia ni ushujaa, lakini miguu ndiyo iliyokataa. Nilipopata nguvu niliikokota baiskeli kwa mkono, sikuthubutu kupanda tena, na njia nzima nilikuwa napanga maneno. Nitamwambia. Nitasema nilikosea, kuna kasoro, mpigie dalali. Aibu ya siku moja haiui mtu.

Nikafika. Uani majirani walikuwa wamesimama wananisubiri. Mdogo wangu alikuwa amewatangazia wote. Binti yake, ambaye ndio kwanza anajifunza kusoma, alikuwa amevaa viatu vya shule jioni hiyo.

“Kaka yangu huyo,” mdogo wangu akawaambia. “Huyu akisema chuma ni kizima, ni kizima.”

Wakanitazama kwa heshima. Na mimi, mtu mzima na ndevu zangu, maneno yote niliyoyapanga nikayameza. Nikatabasamu. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote, kwamba nilitabasamu.

Akampakia mtoto sandukuni. Mtoto akakaa, akatulia ghafla, akainamisha kichwa upande kama anayeambiwa siri.

“Mama, nishushe.”

“Tulia. Tunazunguka mara moja tu.”

“Kuna mtu anasema nishuke.”

Majirani wakacheka. Mdogo wangu akanigeukia, anasubiri nimtoe mwanawe wasiwasi. Nafasi ndiyo hiyo, nimepewa mkononi... Nikatazama matairi.

Mtoto akaangua kilio. Ikabidi mama yake amtoe, kwa hasira kidogo, akapakia mafurushi ya nguo badala yake. Akapanda, akakaza mwendo, akavuka kizingiti cha geti.

Kwap.

Bomba likakatika. Sanduku likang'oka, likaparamia ukuta wa jirani, na upande ule aliokuwa amekaa mtoto ukapondeka wote. Mdogo wangu alianguka kwa magoti na viganja. Alichubuka tu.

Nikachutama kwenye mpasuko. Kutu ya ndani ilikuwa ya zamani, na nje bomba limepigwa rangi mpya. Ubao wa sakafu ya sanduku ulikuwa umebanduka. Chini yake kulikuwa na kiatu kimoja cha mtoto, kidogo, cha mguu wa kushoto. Si cha mpwa wangu. Kilikuwa cha nani, na mwenyewe yuko wapi, dalali ndiye angejua, na simu yake haipatikani hadi leo.

“Kaka.” Sauti ya mdogo wangu haikuwa na ugomvi wowote. Heri angenitukana. “Si uligonga?”

“Niligonga.”

“Hukusikia chochote?”

Majirani wote wananingoja.

“Sikusikia kitu,” nikasema.

Mpwa wangu alikuwa amepiga magoti kando ya sanduku lililopinduka, sikio lake liko kwenye bomba. Akainua kichwa, akanitazama bila chuki.

“Mjomba,” akasema kwa sauti ya chini, “anasema ulimsikia.”

Mdogo wangu akageuka kunitazama. Nikainama, nikaanza kuokota nguo za watu.